Fedha za kuwasikiliza wagonjwa: andiko lako limekwama wapi?

*“Mimi ni muuguzi katika wodi ya majeraha ya moto na upasuaji wa ukarabati hapa Kampala, na ninasoma shahada ya uzamili. Nataka kuwahoji wagonjwa 20 waliohamishiwa ngozi au nyama usoni au mkononi, nijue wanaishije baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nimeandika andiko la kuomba fedha mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa sampuli ni ndogo mno, mara ya pili kwamba umuhimu wake hauonekani. Bajeti yangu si kubwa: kinasa sauti, daftari, nauli na chai ya washiriki. Mwenzangu ananiambia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina fedha za upandikizaji wa ukarabati, na kwamba imewahi kufadhili hata utafiti wa kimaelezo. Niombe huko? Au ndiyo kusema wafadhili hawatoi pesa kwa hadithi za watu?”*

Umefunga mambo mawili katika mzigo mmoja. Unahofia kwamba njia uliyochagua haina thamani machoni pa wafadhili, na pia hujui ubishe mlango upi. Tuanze na hofu, maana ikiondoka, suala la mlango linakuwa jepesi.

Wafadhili hulipia utafiti wa kimaelezo, yaani unaotegemea maneno ya watu badala ya takwimu, na katika fani hii wana sababu nzuri za kufanya hivyo. Maandiko mengi hukwama kwa sababu msomaji anafika ukurasa wa mwisho bila kuambiwa ni uamuzi gani utakaobadilika wagonjwa wakishasikilizwa. Nani atafanya nini tofauti? Muuguzi anayetoa maelezo kabla ya operesheni? Daktari anayepanga tarehe za marudio? Mtu wa tiba ya viungo? Ukiandika kwamba unataka “kuelewa uzoefu wa wagonjwa” ukaishia hapo, mkaguzi atakubali kwamba jambo ni jema, kisha atampa pesa mwingine. Ukiandika kwamba wagonjwa kadhaa wa wodi yenu huacha mazoezi ya mkono baada ya kurudi nyumbani, kwamba faili hazisemi kwa nini, na kwamba majibu yatatumika kuandika upya maelezo ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, umeshaonyesha umuhimu. Hiyo sentensi iwe katika aya ya kwanza, si ukurasa wa tisa.

Sasa tutenganishe maneno, kwa sababu hapa ndipo mwenzako amekuchanganya. Wagonjwa wako wamehamishiwa tishu zao wenyewe. Mmoja amechunwa ngozi nyembamba pajani ikabandikwa kwenye kidonda. Mwingine amekatiwa kipande kinene cha ngozi na nyama pamoja na mishipa yake ya damu, kikaungwa upya shingoni au mkononi chini ya darubini. Mwili unakijua kipande hicho kuwa ni chake. Kikifa, sababu huwa ni damu iliyoganda pale mishipa ilipoungwa, maambukizi, au mgandamizo. Kinga ya mwili haihusiki.

Upandikizaji unaofadhiliwa na Wamarekani ni kitu kingine. Mkono au uso hutoka kwa mtu mwingine, kwa kawaida aliyethibitishwa kufa ubongo. Ngozi ni miongoni mwa tishu zinazoichokoza sana kinga ya mwili, kwa hiyo mpokeaji humeza dawa za kushusha kinga, mara nyingi tacrolimus, mycophenolate na prednisolone, kwa muda wote anaobaki na kiungo hicho. Dawa hizo zinaweza kuleta maambukizi, kisukari, madhara ya figo na baadhi ya saratani. Uganda haijafika huko. Sheria ya kuchangia na kupandikiza viungo ilipatikana 2023, na Desemba mwaka huo hospitali ya Mulago, Kampala, ikafanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo. Kati ya figo na mkono kuna tofauti kubwa ya hesabu: aliyekosa figo zote mbili hufa au huishi kwa mashine, aliyekosa mkono anaweza kuishi hadi uzeeni. Hatari ya dawa inabebwa kwa ajili ya kuboresha maisha, na uzito wa kuboreka huko anaujua mgonjwa peke yake.

Hii ndiyo sababu mahojiano yana nafasi katika fani hiyo. Mwaka 1998, huko Lyon, Ufaransa, Clint Hallam alipandikizwa mkono. Kiufundi operesheni ilifaulu, mishipa iliungwa na damu ikapita. Lakini hakuuzoea kamwe, akaacha dawa, na mwaka 2001 ukakatwa kwa ombi lake mwenyewe. Hakuna kipimo cha damu kingeweza kutabiri hilo kabla ya upasuaji. Mazungumzo marefu pengine yangeweza. Tangu uso wa kwanza wa sehemu ulipopandikizwa Amiens mwaka 2005, nyuso zilizopandikizwa duniani kote ni kama hamsini tu. Afrika nayo imo kwenye historia hii: Desemba 2014, madaktari wa hospitali ya Tygerberg, Cape Town, walimpandikiza uume kijana aliyepoteza wake kwa madhara ya tohara ya jandoni. Kwa idadi ndogo namna hii, waliotawanyika nchi na nchi, takwimu haziwezi kusema mengi. Inabidi watu waulizwe.

Je, uombe Marekani? Kwa andiko ulilonalo, hapana. Fedha hizo zipo chini ya mpango wa utafiti wa tiba unaofahamika kama CDMRP, na mwenzako hakudanganya: tawi lake la upandikizaji wa ukarabati limewahi kutangaza ruzuku mahususi ya utafiti wa kimaelezo. Lakini Bunge la Marekani hutenga fedha zake mwaka kwa mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka mmoja si ahadi ya mwaka unaofuata, na tangazo lenyewe ndilo linaloeleza ni tishu zipi zinahesabika. Ngozi ya mtu kuhamishiwa mwilini mwake mwenyewe iko nje ya lengo.

Swali linaloweza kuwagusa ni jingine. Watu wa Uganda waliopoteza mkono au sehemu ya uso wangepokea kiungo cha marehemu kwa masharti gani? Kumeza dawa kila siku na kupimwa kiwango chake kwenye damu kuna maana gani kwa anayeishi Moroto au Kisoro, mbali na maabara kubwa? Familia ingesemaje ikiona mkono wa mtu mwingine ukipakua chakula? Hilo ni andiko zuri, lakini si dogo, na utashindana na vituo vyenye wapokeaji halisi.

Kuna pia njia ya makaratasi, ambayo huwaangusha wengi kabla sayansi haijasomwa. Mwombaji ni taasisi, si wewe. Taasisi iliyo nje ya Marekani huhitaji kwanza NCAGE, namba ya utambulisho ya taasisi za kigeni, kisha isajiliwe kwenye SAM, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanaopokea fedha zake, ipate kitambulisho cha UEI, ambacho tangu Aprili 2022 kimechukua nafasi ya namba ya zamani ya DUNS. Jina na anwani ya taasisi vikitofautiana kati ya mifumo hii, hata kwa kifupisho tu, usajili hukwama kwa wiki nyingi. Kisha huja ombi la awali kupitia eBRAP, tovuti ya maombi ya CDMRP, na, linapotakiwa, ombi kamili kupitia Grants.gov, tovuti ya ruzuku ya serikali ya Marekani. Ukishinda, ofisi ya jeshi la Marekani inayosimamia ulinzi wa binadamu katika utafiti hupitia nyaraka zako, mbali na kibali cha kamati ya maadili ya hapa. Mwanafunzi wa uzamili anaweza kuwa ndani ya timu ya aina hiyo. Kuiongoza ni ndoto ya baadaye.

Jambo moja zaidi juu ya fedha hizo, na huwa halisemwi. Fomu ya ridhaa lazima imtaje anayelipa. Mshiriki kutoka Gulu au Kitgum aliyekatwa midomo au masikio wakati wa vita vya waasi wa LRA kaskazini mwa Uganda atasoma, au atasomewa, kwamba utafiti unalipiwa na jeshi la nchi nyingine. Ana haki ya kukataa kwa sababu hiyo tu, na baadhi watakataa. Uliza kamati ya maadili na wawakilishi wa wagonjwa kabla ya kuandika, si baada.

Turudi kwenye andiko lako. Kuhusu sampuli, mkaguzi hakuwa amekosea kabisa, ila huenda sababu yake haikuwa nzuri. Utafiti wa kimaelezo hautafuti asilimia, kwa hiyo fomula ya kukokotoa sampuli haina kazi hapa. Kinachotakiwa ni kufika mahali ambapo mahojiano mapya hayaleti jambo jipya. Uchambuzi uliochapishwa 2006, wa mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, uliona kwamba mada karibu zote zilikuwa zimejitokeza kufikia mahojiano ya 12. Watu huuchukua huo kama cheti cha kuruhusu watu 12 popote pale. Wanasahau kwamba wanawake wale walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yaleyale. Wewe umechanganya uso na mkono, na ndani yake watakuwemo wa tindikali na wa mafuta ya moto, wake kwa waume. Ukigawa watu 20 katika mafungu hayo unabaki na wawili wawili. Ama baki na uso peke yake, watu 16 hadi 20, ama chagua mkono peke yake. Ushauri wangu ni uso, kwa sababu mkono una vipimo vyake vya utendaji vinavyojulikana, wakati mtu anayefunika shavu kwa leso ndani ya matatu si rahisi kumpatia kipimo kinachomsemea.

Na watafute wasiopatikana kirahisi. Ukiwahoji wanaorudi kliniki tu, utasikia waliopona, wenye nauli na wanaowapenda madaktari. Lazima uwemo mpango wa kuwafikia watu ambao kipande chao kilikufa, walioikataa operesheni ya pili, na walioacha kurudi. Andika idadi kabisa: angalau watano kati ya 20. Mkaguzi akiona hilo anajua unajua unachofanya.

Halafu kuna wewe mwenyewe. Mgonjwa uliyembadilishia bandeji hatakwambia kwamba wodini alitukanwa. Atakushukuru. Mhojaji awe mtu asiyetoka wodini, asivae sare, na mahojiano yasifanyike kwenye chumba cha kufungia vidonda. Wewe ongoza usanifu na uchambuzi, na eleza wazi kwenye andiko jinsi nafasi yako ya uuguzi inavyoweza kupindisha unachokisikia. Hilo halipunguzi alama. COREQ, orodha ya ukaguzi ya kuripoti utafiti wa mahojiano, yenye vipengele 32, inaanza na hayohayo: ni nani alihoji, ana sifa gani, alijuana vipi na washiriki. Iweke pembeni unapoandika.

Bajeti ndiyo iliyonishtua. Kinasa sauti na chai ni sehemu ndogo. Gharama ya utafiti wa kimaelezo ni siku za watu. Tupige hesabu. Watu 20, kila mmoja ahojiwe mara mbili, mathalani wiki sita baada ya kuruhusiwa na tena miezi sita baadaye: mahojiano 40. Kila moja likichukua saa nzima, una saa 40 za sauti. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kunukuu neno kwa neno. Kuitafsiri kutoka Luganda au Runyankole na mtu wa pili kukagua tafsiri huongeza saa tatu au nne. Weka saa tisa kwa kila saa ya sauti: 360, yaani siku 45 za kazi za saa nane kwa mtu mmoja, na bado hujaanza kuchambua. Watu wawili wakiweka misimbo, yaani alama za mada, kwenye kila nakala, nusu siku kila mmoja, ongeza siku 40. Mfadhili mwenye uzoefu akiona bajeti isiyo na siku hizo hafurahii unafuu. Anajua kwamba sauti zitabaki kwenye kompyuta bila kunukuliwa.

Vitu vingine vinavyosahaulika: nauli ya mshiriki pamoja na ya msindikizaji wake, na malazi kwa anayetoka Arua au Karamoja, vinasa sauti viwili, maana kimoja hufa betri katikati, mshauri nasaha kwa siku za mahojiano, kutafsiri fomu ya ridhaa katika kila lugha na kuirudisha Kiingereza ili kukagua, ada za kamati ya maadili, shahidi asiyehusika pale mshiriki anapoweka dole gumba. Programu ya kuchambulia si lazima inunuliwe, Taguette ni ya bure na inatosha kwa nakala 40. Usirekodi kwa simu yako, kwa kuwa simu nyingi hupeleka mafaili mtandaoni bila kukuuliza. Na usizitupie sauti hizo kwenye huduma za kunukuu za intaneti. Sheria ya ulinzi wa data binafsi ya 2019 inaweka taarifa za afya katika kundi la data maalumu, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Isitoshe, huduma hizo hupotea kabisa mtu anapochanganya Luganda, Kiingereza na Kiswahili katika sentensi moja, kama Kampala inavyozungumza.

Kuhusu lugha, ukiandaa fomu ya Kiswahili kwa ajili ya askari, polisi na wafanyabiashara wa mipakani, kuwa mwangalifu na neno “mfadhili”. Kwenye fomu moja nimeona linaweza kumaanisha aliyetoa pesa na aliyetoa kiungo. Tumia “mfadhili” kwa pesa na “mtoaji” kwa kiungo. Vilevile usidhani kwamba mgonjwa ameelewa “kupandikiza”; wapo wanaoondoka wodini wakiamini wamebandikwa nyama ya maiti. Swali la kwanza la mwongozo wako liwe: “Ukimweleza jirani ulichofanyiwa, unamwambiaje?” Jibu lake pekee linaweza kuzaa sura nzima ya tasnifu.

Sasa milango. Kwa mwanafunzi, ulio karibu zaidi ni kuingiza utafiti wako ndani ya mradi mkubwa wa msimamizi wako au wa daktari bingwa ambaye tayari anakusanya data ya upasuaji. Gharama za ofisi, kibali na usafiri zinakuwa zimelipwa, wewe unaongeza sehemu ya mahojiano. Kama uko Makerere, fuatilia matangazo ya Mak-RIF, mfuko wa utafiti wa chuo unaotokana na fedha za serikali tangu 2019. Baada ya uzamili, ulizia CARTA, mtandao wa vyuo vya Afrika ambao umekuwa ukifadhili uzamivu kwa watumishi wa vyuo wanachama, Makerere kikiwemo. Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, huchukulia sayansi za jamii kwa uzito. NIHR, taasisi ya utafiti wa afya, pia ya Uingereza, hutaka wagonjwa washirikishwe tangu kuandika swali, na hapo utafiti kama wako una nguvu. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kupitia kituo chake cha kimataifa cha Fogarty hujenga uwezo wa watafiti, lakini kumbuka kwamba kwa taasisi za nje ya Marekani gharama za uendeshaji hulipwa kwa asilimia 8 tu, na chuo chako kinaweza kulalamika. Mashirika yanayolipia upasuaji wenyewe, kama Smile Train kwa midomo sungura, ni mlango mwembamba kwa utafiti. Usitumie mwezi mzima huko.

Ukikaa na hesabu zote hizi, nakushauri utafiti wa awali: watu wanane, uso tu, mahojiano moja moja, miezi sita. Huo unaweza kulipiwa na fedha ndogo za idara. Maombi makubwa hupata nguvu yakiwa na nukuu tatu za kweli kutoka kwa wagonjwa wa hapa.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. Nenda ofisini kwa katibu wa kamati ya maadili utakayopeleka andiko, iwe ya Mulago, ya Makerere, Mbarara au Gulu, na muulize hatua zipi zinamhusu mwanafunzi: mfumo wa mtandaoni wa NRIMS wa kuombea vibali, usajili wa UNCST (baraza la taifa la sayansi na teknolojia), barua ya utawala wa hospitali. Tenga miezi mitatu au minne kwa safari hiyo, na usimhoji mtu hata mmoja kabla haijaisha. Kaa pia na ofisi ya ruzuku ya chuo kabla ya kujaza fomu yoyote ya nje.

Na kwa waliomwagiwa tindikali, kaa na mwanasheria na mshauri nasaha ana kwa ana. Aliyemwaga mara nyingi ni mtu wa karibu, huenda bado yumo nyumbani, na kesi inaweza kuwa mahakamani. Uliza nini kitatokea polisi wakiomba rekodi zako, na uandike jibu kwenye fomu ya ridhaa. Amua mapema mahojiano yanasimamishwa kwa dalili zipi, nani anapigiwa simu siku hiyohiyo, na kwa njia gani mtu anapelekwa kitengo cha afya ya akili cha hospitali au Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Hata ukificha jina, “mwanamke wa miaka 34 kutoka Kitgum, aliyehamishiwa nyama ya paja kwenye shavu la kushoto” anajulikana na wodi nzima. Andika “mwanamke wa makamo, kaskazini”, na upande wa shavu usiutaje.